Nafasi Moja na Orodha ya Kaunti 14: Uchambuzi wa Kisa cha Udhamini wa Masomo ya Udaktari Nairobi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika chuo kimoja cha udaktari jijini Nairobi ambacho sitakitaja, nami nilikishuhudia nikiwa mmoja wa wanajopo watano waliopewa kazi ya kumteua mwanafunzi mmoja wa kudhaminiwa. Nimebadilisha mambo machache kuhusu waombaji ili wasitambulike, lakini yale ambayo uamuzi uliyategemea nimeyaacha yalivyokuwa.

Udhamini ulikuwa wa karo yote ya miaka sita, malazi na vitabu, na tangazo lilisema kwamba nafasi hiyo ni ya "mwombaji kutoka jamii zilizotengwa". Halikufafanua zaidi. Ufafanuzi ulikuwa ndani ya fomu: katika ukurasa wa pili mwombaji aliulizwa kaunti yake ya asili, na chini ya swali hilo kulikuwa na orodha ya kaunti 14 ambazo alitakiwa kutia alama kwenye mojawapo. Orodha hiyo haikutungwa na chuo. Ilinakiliwa kutoka sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato kuhusu maeneo yaliyotengwa, ile iliyozitaja Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu kuwa kaunti za kunufaika na Hazina ya Usawazishaji, yaani fedha za serikali za kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma. Aliyeinakili alidhani, na simlaumu, kwamba orodha iliyotoka kwenye tume ya kikatiba haitazua ubishi.

Waombaji sita walifika mahojiano, ila mjadala wote uliishia kwa wawili.

Wa kwanza alikuwa kijana ambaye kitambulisho chake kinaonyesha kwamba asili yake ni Mandera. Alizaliwa Nairobi, akakulia mtaa wa South C, akasoma shule ya msingi ya kibinafsi kisha shule ya upili ya kitaifa ya bweni, na baba yake ana biashara ya uchukuzi iliyokwisha kusimama imara. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, alipata wastani wa A-, kwa jumla ya pointi 79 kati ya 84, na katika masomo manne yanayohesabiwa kwa udaktari alikuwa na pointi 45 kati ya 48.

Wa pili alikuwa binti wa Kinubi kutoka Kibra, aliyesoma shule ya upili ya kutwa iliyo karibu na kwao. Naye alipata A-, kwa jumla ya pointi 76, akiwa na 43 katika masomo hayo manne. Kwenye orodha ya kaunti hakutia alama popote. Pembeni mwa visanduku aliandika kwa kalamu ya bluu, kwa herufi zilizobanana ili zitoshe: "Nairobi, Kibra. Mnubi." Karani aliyepokea fomu hakujua aiweke kwenye rundo lipi, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti, na kwa kuwa gredi zilikuwa nzuri mwenyekiti akaamua aitwe kwanza, mambo ya orodha yatazungumzwa baadaye. Binti alifika mahojiano kwa njia hiyo. Nalitaja kwa sababu wapo ambao huenda walikiona kisanduku kimekosekana wakaiweka fomu chini bila kuijaza.

Pointi za klasta, zinazotumika kuwapanga waombaji wa vyuo vikuu, kwa hesabu ambayo wengi waliopitia mfumo wa elimu wa 8-4-4 wanaifahamu, hupatikana kwa kugawanya pointi za masomo manne kwa 48, kugawanya jumla ya masomo saba kwa 84, kuzidisha majibu hayo mawili, kutafuta kipeuo cha pili na kukizidisha kwa 48. Kijana akawa na 45.07, binti akawa na 43.21, na pengo likawa pointi 1.86. Mwanajopo mmoja aliziandika nambari hizi ubaoni na kuuliza kama kuna la kuongeza. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha: kijana yumo kwenye orodha, tena ana pointi nyingi, binti hayumo, tena ana pointi chache.

Mimi hupenda kuuliza pengo la namna hiyo limetoka wapi. Kati ya masomo manne, wawili hawa walilingana katika baiolojia, wote wakiwa na A, na katika hisabati, wote wakiwa na A-. Walitofautiana katika Kiingereza na katika kemia, ambako kijana alipata A- na binti B+. Tulipomuuliza binti kuhusu kemia hakulalamika, alieleza tu. Shule yao ilikuwa na bureti sita, ile mirija yenye koki ya kupimia kimiminika, kwa watahiniwa zaidi ya arobaini, na mbili kati ya hizo sita zilikuwa zikivuja kwenye koki. Mazoezi ya kutitrisha, yaani kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine mpaka rangi ibadilike, yalifanywa kwa makundi ya wanafunzi saba au wanane: mmoja anashika koki, mmoja anatikisa chupa, waliobaki wanatazama na kunakili vipimo. Yeye alikuwa hodari wa hesabu, kwa hiyo kila mara alipewa kazi ya kunakili. Siku ya karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ndiyo ilikuwa mara yake ya pili maishani kuifungua koki ya bureti kwa mkono wake mwenyewe. Kimiminika kilipaswa kugeuka rangi ya waridi hafifu na kukomea hapo. Chake kiligeuka waridi iliyokolea mara mbili mfululizo, na alipopata kipimo cha kwanza cha kuaminika muda wa kurudia ulikuwa umeyoyoma.

Nilikaa nikapiga hesabu pembeni mwa karatasi yangu. Lau binti huyu angepata A- katika kemia, kama mwenzake, masomo yake manne yangekuwa 44 na jumla yake 77, na pointi zake za klasta zingekuwa 44.00 kamili. Gredi moja ya somo moja ingeziba pointi 0.79 kati ya zile 1.86. Sisemi kwamba bureti pekee zilimnyima A-, kwani hakuna awezaye kujua. Nasema kwamba nambari iliyoandikwa ubaoni ilikuwa imechanganya ndani yake akili ya mtahiniwa na idadi ya bureti za shule yake, na anayeisoma kana kwamba ni kipimo cha akili peke yake anasoma kisichokuwapo.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumchora kijana kama mtoto wa tajiri aliyekuja kujichotea cha maskini. Mahojiano yalituzuia kufanya hivyo. Mwanajopo mmoja alimuuliza, kwa sauti yenye kejeli kidogo, ni kwa vipi mtu aliyelelewa South C ametengwa. Akajibu kwamba Aprili 2014, wakati wa Operesheni Usalama Watch, msako wa usalama uliowaangukia zaidi Wasomali, alikuwa na umri wa miaka minane. Maafisa waliingia kwao usiku, na mjomba wake, mzaliwa wa Kenya mwenye kitambulisho mkononi, alipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani na kukaa huko siku kadhaa. "Pesa za baba hazikusaidia kitu usiku ule," alisema. Wasomali wa Kenya waliwahi kupitishwa kwenye uhakiki wa aina yake mwaka 1989 na kupewa kadi za pekee, na hadi miaka ya karibuni kijana wa jamii za mpakani aliyetaka kitambulisho alipaswa kusimama mbele ya kamati kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa. Ilikuwa Februari 2025, huko Wajir, ambapo rais alitangaza kwamba uhakiki huo wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani umekomeshwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mali na bado akawa wa jamii inayotazamwa kwa jicho la pembeni. Mambo hayo mawili hayafutani.

Wanubi nao wana historia yao, ambayo orodha ya kaunti haiwezi kuiona kwa sababu imetokea ndani ya Nairobi. Ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, wakapewa ardhi ya Kibra, na wakaishi humo kwa vizazi bila hati ya kumiliki. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia, na kwamba uvunjaji huo uligusa pia elimu na afya yao. Binti wetu alikuwa mtoto wakati uamuzi huo ukitolewa. Kwao hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako mafunzo ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza mwaka 1967, ni mwendo wa miguu, na yeye ameutembea mara nyingi kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpeleka nyanya yake kliniki ya kisukari. Kwa kilomita, hakuna mwombaji aliyeishi karibu zaidi yake na kitovu cha udaktari nchini.

Katika jopo alikuwamo muuguzi mstaafu ambaye wote, hata mwenyekiti, tulimwita Sista. Mahojiano yalikuwa yakiendeshwa kwa Kiingereza. Binti alipoanza kujikwaa katika swali moja la kuonyesha uongozi, swali ambalo waliosoma shule zenye vilabu vya mdahalo hulijibu huku wamefumba macho, Sista aliingilia kati. "Mwanangu, hebu tuambie kwa Kiswahili. Ukifika kliniki na nyanya yako, unafanya nini?" Binti akanyooka kitini. Alieleza kwamba hufika saa kumi na moja alfajiri, huchukua namba, humkalisha nyanya karibu na mlango ili asikose kusikia jina lake, huhakikisha amekunywa uji kabla ya kutumia dawa, na daktari akizungumza haraka humwomba arudie, kisha yeye humfafanulia nyanya. "Kuna siku daktari alisema nyanya ameelewa, kumbe nyanya alikuwa anasema ndiyo kwa heshima tu, Shikamoo ya pili." Tulicheka. Lakini maelezo yake yalikuwa ni ya mtu aliyekwisha kuona mahali ambapo tiba huvunjikia, na sidhani kama nusu ya wahitimu wetu wangeyatoa kwa uwazi ule.

Tuje kwenye sheria, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tulipoteleza. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi, na katika kifungu cha 6 inaitaka serikali ichukue hatua za usawazishaji ili kurekebisha hasara waliyopata watu au makundi kwa sababu ya ubaguzi wa zamani. Ibara ya 56 nayo inataka jamii za wachache na makundi yaliyotengwa yapewe fursa maalumu katika elimu. Hayo hunukuliwa kila mahali. Kinachonukuliwa kwa nadra ni kifungu cha 7 cha Ibara hiyohiyo ya 27, kinachosema kwamba manufaa ya hatua hizo yatolewe kwa msingi wa mahitaji ya kweli. Sharti hilo linataka mtazamo uelekezwe kwa mtu mwenyewe na si kwa jina la jamii yake pekee. Udhamini wa mfadhili binafsi haufungwi na Ibara hiyo kwa namna ileile inavyoifunga serikali, lakini chuo kilichoazima orodha ya tume ya umma kingeweza kuazima pia sharti linaloambatana nayo.

Na kuna jambo ambalo sikulijua siku ile, nikalijua wiki mbili baadaye, nikaona haya. Orodha ya kaunti 14 ilikwisha kupitwa. Sera ya pili ya tume hiyohiyo, ya mwaka 2018, iliacha kutumia kaunti kama kipimo na badala yake ikatambua maeneo 1,424 yaliyotengwa ndani ya kaunti 34, kwa sababu ilikuwa imedhihirika kwamba katika kaunti inayohesabiwa kuwa nacho kuna vijiji visivyo na kitu. Waliotunga kipimo walikwisha kukiona kasoro na kukibadilisha, ilhali sisi bado tulikuwa tunakipimia watu.

Ugumu huu si wetu peke yetu. Huko Madras, India, nafasi za vyuo vya udaktari na uhandisi ziligawanywa kwa mafungu ya 14, kila jamii na dini ikipewa idadi yake, mpaka Mahakama ya Juu ilipoubatilisha utaratibu huo mwaka 1951 katika kesi iliyofunguliwa na Champakam Dorairajan. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa kuirekebisha katiba ili kuruhusu hatua maalumu kwa walioachwa nyuma. (Jambo la ajabu ni kwamba mlalamikaji hakuwa hata amepeleka maombi chuoni.) Nchini Marekani, chuo cha udaktari cha Davis, California, kilitenga nafasi 16 kati ya 100, na mwaka 1978, katika kesi ya Allan Bakke, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataza mgao wa namna hiyo lakini ikaruhusu rangi izingatiwe kama jambo moja kati ya mengi. Ruhusa hiyo iliondolewa Juni 2023 katika kesi dhidi ya Harvard, ingawa jaji mkuu aliacha mlango wazi kwa mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake mwenyewe. Hata kabla ya hapo, sheria ya jimbo ya mwaka 1996 ilikuwa imevizuia vyuo vya umma vya California kuangalia rangi, nacho chuo cha Davis kikaanza kupima ugumu wa maisha ya mwombaji: kipato cha wazazi, elimu yao, mahali alipokulia. Hatuwezi kuiga mambo haya yalivyo, kwa sababu historia yetu ni nyingine, lakini swali la Davis lingetufaa kuliko kisanduku cha kaunti.

Hoja iliyokuwa na uzito kwa upande wa kijana haikuwa ya pointi bali ya lugha na huduma. Anazungumza Kisomali kama mama yake. Mgonjwa wa Mandera akimpata daktari wa namna hiyo hahitaji mkalimani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyuo vilenge wanafunzi waliotoka mashambani, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda kufanya kazi huko, na Japani imekuwa na chuo cha Jichi tangu 1972, kinachochukua wanafunzi kutoka kila mkoa kwa mkataba wa kurudi kuhudumu kwa miaka tisa. Lakini pendekezo hilo linazungumzia mtu aliyekulia huko, si mtu ambaye babu yake alitoka huko. Kijana alipoulizwa kama angefanya kazi Mandera alijibu kwa uaminifu: yeye hupatembelea wakati wa likizo, anapapenda, na insha'Allah atafikiria akimaliza uzamili. Udhamini wenyewe haukuwa na mkataba wowote wa kurudi, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kumdai zaidi.

Kura zilikuwa tatu kwa mbili, na kijana akapewa nafasi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale watatu. Nilijiambia kwamba ameomba kwa nia njema chini ya masharti yaliyochapishwa, na kwamba kubadili masharti mtu akiwa mlangoni ni dhuluma pia. Hoja hiyo bado naiona kuwa sahihi. Nilichokosea ni kutotambua masharti yalikuwa yepi. Tangazo, ambalo ndilo ahadi yetu kwa umma, lilisema jamii. Kaunti zilikuwa kwenye fomu, na fomu ni chombo cha kutekeleza ahadi, haiwezi kuipunguza. Kwa maneno ya tangazo, binti alistahili kushindanishwa sawasawa na kijana, na kifungu cha mahitaji ya kweli kingempa uzito. "Daktari, fomu ni fomu," mwenyekiti alimwambia Sista alipopinga, kwa mazoea ya kumwita kila mwanajopo Daktari. Sista, ambaye si daktari, alijibu kwamba fomu tumeiandika wenyewe. Nilimsikia vizuri na bado nikainua mkono upande wa pili.

Ipo sehemu nyingine ya kisa hiki ambayo hakuna aliyeigusa siku ile. Kati ya waombaji sita, hakuna hata mmoja aliyefanya KCSE ndani ya mojawapo ya zile kaunti 14. Wote walikuwa wamesoma Nairobi au katika shule kubwa za bara. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya Kaskazini na Pwani haikuwa imeombwa na mtu aliyeketi katika darasa la Kaskazini au la Pwani. Sababu hazihitaji uganga. Tangazo liliwekwa kwenye tovuti na gazeti moja. Mahojiano yalikuwa ya ana kwa ana, kwa nauli ya mwombaji, kwa taarifa ya siku nne, na kutoka Mandera hadi Nairobi ni takriban kilomita 1,000. Halafu kuna sababu ya nyuma zaidi: mnamo Novemba 2014 basi lililokuwa limetoka Mandera lilishambuliwa, abiria 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao, na walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi wakaondoka. Januari 2020, baada ya mashambulizi mengine, tume ya walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule ikipoteza mwalimu wa pekee wa kemia katika kidato cha pili, mwanafunzi wake hatafika mbele ya jopo letu na 45.07, wala na 43.21. Hatafika kabisa. Kijana wetu wa South C, kwa kitambulisho chake, alikuwa akimwakilisha mtu huyo bila yeye mwenyewe kukusudia.

Binti alijiunga na masomo ya uuguzi katika chuo kingine, kwa mkopo. Sista ndiye aliyeniambia.

Mwaka uliofuata tulikaa kuiandika fomu upya. Orodha ya kaunti iliondolewa. Mwombaji sasa anaulizwa alifanyia KCSE wapi, shule ilikuwa ya kutwa au ya bweni, nani alimlipia karo, alikaa muda gani bila mwalimu wa somo lolote la sayansi, na kama kuna wakati jamii yake au hati zake zilimzuia kupata huduma, aeleze. Mahojiano yanaweza kufanywa kwa simu, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuhusu mkataba wa kurudi kuhudumu hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana. Mwishoni nilipendekeza swali moja ambalo mwenyekiti aliliona la kitoto: shule yako ilikuwa na bureti ngapi? Wenzangu walicheka, wakaliacha libaki kwenye fomu.

Maombi yalipoanza kuingia, mojawapo lilitoka shule ya kutwa ya Marsabit. Mbele ya swali hilo mwombaji alikuwa ameandika: "Hakuna. Tulitumia bomba la sindano kutoka zahanati, mwalimu akilichora mistari kwa kalamu."